Kuishi na Mbwa Mwoga Uliyemchukua Ukubwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Mtwara na Lindi

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwa watu wa huku Kusini waliomchukua mbwa aliyekwisha kukua: wa barabarani, wa shambani, au aliyeachwa na mpangaji aliyehama. Wengi walitaka mlinzi, wakajikuta na mbwa anayetetemeka mchana na kumrukia kila mpita njia. Tumeanza na mambo ya mwanzo, hali ngumu ziko mwishoni. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Utaelekezwa kwenye swali lake.

## Kumwelewa

1. Mbwa wangu anambwekea kila mtu. Ni mkali au mwoga?

Mara nyingi ni mwoga. Mbwa mwenye hofu hujifunza mapema kwamba akibweka na kujirusha mbele, yule anayemtisha huondoka. Muuza samaki wa baiskeli alikuwa anapita tu, angeondoka hata kama mbwa angelala. Mbwa hajui hilo. Anachojua ni kwamba amebweka na baiskeli imetoweka, kwa hiyo kesho atabweka mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Kubweka kwake ni ombi la nafasi: kaa mbali nami.

Mtazame mwili kabla hajafungua mdomo. Uzito umeegemea miguu ya nyuma, mkia umebanwa tumboni au umesimama mkavu bila kucheza, masikio yamelala. Anageuza kichwa pembeni lakini macho yamebaki kwa mgeni, mpaka weupe wa jicho unaonekana. Anapiga miayo na hana usingizi, analamba pua na hakuna chakula. Kisha, kama mgeni anazidi kusogea, mdomo uliokuwa wazi ukihema hufungwa ghafla na mwili mzima hukakamaa. Kinachofuata hapo ni kubweka au kung'ata. Ukakamavu huo wa mwili ni wa kitambo kifupi sana, na mtu akizoea kuuona anaweza kumwondoa mbwa wake mapema, kabla hakijaharibika kitu.

2. Kwa nini yuko hivi? Alipigwa?

Huenda, lakini si lazima. Mtoto wa mbwa huzoea dunia kwa urahisi kati ya wiki ya 3 na takriban wiki ya 14 ya umri wake. Aliyezipitisha wiki hizo chini ya mikorosho, akiona mama yake na mkulima mmoja tu, akija Mtwara mjini atashangaa bajaji, miavuli, watu wenye mizigo kichwani, hata mlango wa chuma ukifungwa. Hajateswa, hakuwahi kuviona. Wengine wamerushiwa mawe kweli, wengine wamefungwa mnyororo miaka, na wengine wamezaliwa na mama mwoga wakarithi.

Usijisumbue kutafuta historia yake. Anza na anachokiogopa leo.

3. Atachukua muda gani kutulia?

Wafugaji wengi hutumia kadirio hili: siku 3 za kupumua, wiki 3 za kuanza kuijua ratiba ya nyumba, miezi 3 ya kujiona ni wa hapo. Mwenye hofu nzito huhitaji zaidi, pengine mwaka. Wapo wasiopenda wageni maisha yao yote, na bado wanaishi vizuri kwa sababu wenyewe wanajua kuwaweka mbali na wageni.

4. Wiki za kwanza nimfundishe nini?

Karibu hakuna. Mpe kona moja yenye kivuli, mbali na njia na mbali na jiko, iwe na sehemu ya kujificha ambayo hakuna mtu, hata mtoto, anayeruhusiwa kumfuata. Chakula saa zilezile, maji safi muda wote. Usimwogeshe, usimzungushe mtaani, usiwaite ndugu waje kumwona. Keti karibu naye ukifanya shughuli zako, chambua mboga au paa samaki, umtupie kipande bila kumtazama usoni. Akisogea mwenyewe, vizuri. Asiposogea, vizuri pia.

5. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima mapema hivyo, wakati bado haniruhusu kumshika?

Ndiyo. Kama huna cheti, hesabu kwamba hajachanjwa. Mbwa huchanjwa kuanzia miezi 3 ya umri, kisha kila mwaka. Mikoa yetu miwili ilikuwamo katika mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia mwaka 2010, na wengi wanakumbuka foleni za mbwa vijijini. Lengo la kampeni za namna hiyo ni kuwafikia mbwa angalau 70 katika kila 100. Wanaokosekana kwenye foleni ndio hawa wetu, waoga wasioshikika, na ndio wepesi kung'ata. Kwa hiyo mbwa mwoga anahitaji chanjo kuliko mwingine yeyote.

Usimpeleke akasimame katikati ya mbwa wengine. Mweleze afisa mifugo wa kata mapema, uombe kufika wa kwanza au akuchanjie pembeni. Siku kadhaa kabla, mzoeshe kitambaa laini cha kufunga mdomo: weka dagaa upande wa pili wa kitanzi, aingize pua mwenyewe, atoe. Siku yenyewe kitambaa kifungwe kwa dakika chache tu, maana mbwa aliyefungwa mdomo hawezi kuhema, na kwa joto letu hilo ni hatari.

## Kumfundisha

6. Nianzie wapi?

Kwenye umbali. Watu wengi huanza na "kaa" na "njoo", wakamsogeza mbwa hadi pale anapotetemeka ndipo wakamtaka atii. Mbwa aliyejaa hofu hajifunzi, kama ambavyo hawezi kula.

Tafuta kwanza umbali ambao anakiona kile anachokiogopa na bado anakula. Kwa mmoja ni hatua kumi, kwa mwingine ni upande wa pili wa uwanja wa mpira. Hapo ndipo darasa lake. Akikiona kitu, mpe kipande cha chakula kizuri. Kikipotea, chakula kinakoma. Mpangilio ni huo na usigeuzwe: kitu kwanza, chakula baadaye. Ukianza kutoa chakula ndipo kitu kitokee, baadhi ya mbwa huanza kuogopa chakula chenyewe.

Baada ya muda utaona badiliko dogo lenye thamani kubwa. Akimwona mtu, badala ya kukakamaa anageuka kukutazama wewe, akiuliza dagaa yuko wapi. Siku anapofanya hivyo mara kwa mara, sogea hatua moja au mbili. Akishindwa, rudi ulikokuwa. Mazoezi ya dakika chache yanatosha. Marefu yanamchosha na kuharibu.

7. Chakula gani cha mazoezi? Sina hela ya biskuti za mbwa.

Huzihitaji. Dagaa wakavu waliooshwa kuondoa chumvi, maini yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo, mapande ya utumbo, nyama ya kichwa cha samaki iliyotolewa miiba. Mabaki ya pweza aliyechemshwa bila chumvi, mbwa wengi hawawezi kuyakataa. Kipande kiwe kidogo, kisichohitaji kutafunwa. Ugali uache kwa chakula cha kawaida. Hauna nguvu ya kushindana na bodaboda. Usimpe vitunguu, chokoleti, wala mifupa iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vikali.

8. Nikimpa dagaa wakati anabweka, si namzoesha kubweka?

Swali hili linaulizwa kuliko yote, na jibu ni hapana. Hofu hailipwi ikaongezeka. Ukimpa mtoto anayelia kwa radi kipande cha muhogo, hataipenda hofu zaidi. Mbwa anajifunza kwamba mtu akitokea, jambo zuri linatokea, na hisia ikibadilika kelele hupungua zenyewe.

Ila kama tayari anabweka bila kukusikia, jua mmekaribia mno. Ondokeni kwanza, umbali wa swali la 6, ndipo mwanze tena.

9. Akinguruma nimchape?

Usimchape. Mngurumo ni onyo, na onyo ni msaada kwako. Mbwa anayechapwa kila anaponguruma haachi kuogopa, anaacha kuonya, na huyo ndiye watu husema "amening'ata bila sababu". Tena fimbo huja pamoja na mgeni: mgeni akifika, mbwa anachapwa, kwa hiyo mgeni ni balaa kama alivyodhani tangu mwanzo.

Akinguruma, simama, mwondoe au mwondoe mgeni, kisha jiulize kilichokuwa karibu mno.

10. Mtu akiinama tu, hata kuokota kandambili, mbwa anakimbia au anaruka kung'ata. Kwa nini?

Kwa sababu ameshaona mawe. Mbwa wa barabarani anaijua ishara hiyo kuliko jina lake: mgongo ukipinda na mkono ukigusa chini, kinachofuata ni jiwe. Wengine huondoka hata kabla mkono haujafika ardhini.

Hofu hii inatibika vizuri kwa sababu ishara yenyewe ni moja na unaweza kuipanga. Simama mbali naye, ubavu kwake. Pinda goti kidogo tu, usifike chini, mtupie maini, nyooka. Rudia mpaka akiona goti linapinda masikio yanasimama kwa hamu. Halafu inama nusu. Halafu gusa mchanga. Mwishoni weka kipande cha dagaa chini mapema, uiname, ukiokote na kumtupia polepole kwa chini, mkono usipite juu ya bega. Mkono unaookota kitu chini umegeuka kuwa mkono unaoleta chakula. Kisha aifanye mke, mume, kijana wa nyumbani, mmoja mmoja, kila mtu akianzia mwanzo. Mbwa hadhani kwamba alichokubali kwa baba amekikubali pia kwa shangazi.

Usiwatumie watoto wa jirani kwenye zoezi hili.

11. Kila "hodi" ni vurugu. Nifanyeje?

Hapa mila zetu zinatusaidia. Mgeni haingii kimya, anaita kwanza, na hiyo ni kengele iliyo tayari. Mwambie mtu wa nyumbani atoke, akae kitambo, aite "Hodi hapa!" kwa sauti ya kawaida. Mbwa akisikia, wewe nenda naye nyuma ya nyumba kwenye kona yake, mwaga kiganja cha dagaa ardhini azitafute. Fanyeni mara nyingi bila mgeni wa kweli, mpaka akisikia hodi anakimbilia nyuma mwenyewe.

Mgeni wa kweli akija, jibu "Karibu, subiri kidogo nimweke mbwa." Hakuna atakayeona umemdharau, hata awe mkweo. Mbwa hahitaji kumsalimia mgeni. Wageni wengi hawataki kusalimiwa naye pia.

12. Anakimbiza bodaboda na baiskeli.

Mzuie kwanza asipate nafasi, maana kila bodaboda anayokimbiza inaondoka, naye anajiona ameshinda (swali la 1). Njiani awe na kamba, na mkanda wa kifuani ni bora kuliko wa shingoni kwa mbwa anayevuta. Kisha mazoezi ya swali la 6, ukikaa mbali na barabara yenye pikipiki chache. Kumwomba dereva wa kijiweni apite polepole mara kadhaa kwa malipo kidogo ni fedha iliyotumika vizuri.

13. Nimfunge mnyororo mchana na kumfungulia usiku, kama wengine?

Mbwa mwoga aliyefungwa hawezi kukimbia, na asiyeweza kukimbia hubaki na kung'ata. Mnyororo mfupi karibu na njia ndio unaotengeneza mbwa mkali kuliko kitu chochote ninachokijua. Kama huna ukuta, nyoosha waya mgumu kati ya miti miwili, pitisha pete ya chuma, na kamba ya mbwa ifungwe kwenye pete hiyo ili atembee kivulini kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Uwe upande wa nyuma, asikoona wapita njia. Uzio wa fito na makuti unafaa zaidi ya senyenge, kwa sababu unamzuia kuona.

Kumwachia usiku atembee mtaa mzima si ulinzi. Ndiko anakopigwa mawe, anakogombana, na anakopata kichaa.

## Majirani, dini na watoto

14. Majirani zangu ni Waislamu na hawapendi mbwa awaguse. Tutaishije?

Kwa kuwaheshimu bila kungoja walalamike. Wengi wetu huku ni wa madhehebu ya Shafii, ambamo mate na majimaji ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Mtu aliyetia udhu akienda msikitini akaguswa na mbwa aliyeloa, umemharibia safari. Kwa upande mwingine, kufuga mbwa wa kulinda mifugo, shamba au wa kuwinda kumeruhusiwa katika hadithi, na mafundisho ya kumhurumia kiumbe mwenye kiu yanajulikana na kila aliyesoma madrasa. Mwenye swali la hukumu amwendee sheikh wake.

Kivitendo: mbwa asiwe nje kwenye njia wakati wa adhana, hasa alfajiri na magharibi. Vyombo vyake viwe vyake peke yake na vioshwe kando. Maji ya kisima au bomba la pamoja asiyasogelee. Siku za mvua awe ndani ya uzio. Na umwambie jirani mwenyewe: "Bibi, mbwa wangu ni mwoga, nimemfunga upande ule, pita bila wasiwasi." Nimeona mtaa mzima ukibadilika kwa sentensi ya namna hiyo.

15. Watoto wanamchokoza na kumrushia mawe nikiwa kazini.

Mwondoe machoni pao kwanza (swali la 13). Kisha zungumza na wazazi, na kama haisaidii, na balozi au mwenyekiti wa mtaa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, lakini mazungumzo kibarazani hufika haraka kuliko sheria.

Watoto wafundishwe mambo matatu: wasimkimbie mbwa, wasimkodolee macho, na akiwasogelea wasimame kimya mikono ikiwa chini. Hayo yatawasaidia kwa mbwa yeyote.

16. Nimepanga chumba, uwanja ni wa wote. Inawezekana?

Kwa mbwa mwoga ni vigumu sana, na ni afadhali niseme wazi. Watu wengi hupita bila hodi, watoto hucheza mlangoni, na hakuna umbali wa kufanyia kazi. Kama huwezi kupata kona yenye uzio na ridhaa ya wapangaji wote na mwenye nyumba, mtafutie makazi mengine (swali la 24).

## Misimu ya huku

17. Mashine za kupulizia mikorosho zinamtia wazimu. Nifanye nini?

Kuanzia Juni hivi, Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea na kwingineko, mashine zile huanza kunguruma asubuhi na mapema, na mbwa hawezi kujua zinatoka wapi kwa sababu sauti inazunguka shamba zima. Wapo wanaokata kamba na kukimbia kijiji cha tatu.

Uliza jirani siku yake ya kupuliza. Asubuhi hiyo mweke ndani, chumba kisicho na dirisha upande wa shamba, na mfupa mbichi mkubwa au kitu cha kulamba. Kaa naye ukiweza; kumkumbatia anayekuja kwako hakumzidishii hofu (swali la 8). Miezi ya kabla, rekodi sauti ya mashine kwenye simu, ipige chini kabisa wakati anakula, uipandishe kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Vumbi la salfa nalo linachoma macho na ngozi, asiachiwe shambani mpaka litulie, na akirudi na unga mwilini mwoshe kabla hajajilamba.

18. Radi? Na ngoma za usiku?

Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei, kwa hiyo anza kuandaa chumba chake Oktoba. Njia ni ileile ya swali la 17. Mbwa wengi huhisi radi kabla yetu. Akianza kuhema na kuzunguka na anga bado ni jeupe, mwamini.

Ngoma za jando na unyago zina faida kwamba zinatangazwa. Ukijua nyumba fulani inawatoa wanawari, mpeleke mbwa kwa ndugu upande wa pili wa mji usiku huo, au mpe matembezi marefu jioni na umfungie ndani mapema. Usimpeleke "akazoee".

Mambo haya hujumlishana. Mbwa aliyekesha na ngoma, asubuhi akakutana na bodaboda, mchana akapata mgeni, jioni anaweza kumng'ata mtu aliyemzoea. Baada ya siku nzito, mpe siku mbili tatu za kimya kabisa, bila mazoezi.

19. Nimtembeze wapi na saa ngapi?

Asubuhi mapema au jioni jua likilegea, kwa sababu mchana lami na mchanga vinaunguza nyayo. Mtwara mjini, ufukwe wa Shangani maji yakipwa ni mzuri kwa mbwa wa aina hii: unamwona mtu kutoka mbali na una nafasi ya kukwepa. Epuka saa ambazo kinamama na watoto wametawanyika kutafuta pweza na chaza. Lindi na Mikindani, barabara za pembezoni kuelekea mashamba ya minazi ni bora kuliko ufukwe wa mjini wenye wavuvi. Na kama njia zote zina watu, usiende. Kunusa na kutafuta dagaa waliofichwa uwanjani kwako kunamchosha vizuri vilevile.

20. Anaweza kula korosho na mabibo?

Korosho mbichi yenye ganda hapana, mafuta ya ganda yanaunguza mdomo na utumbo. Mabibo yaliyoanza kuchacha chini ya mti yana pombe ndani, nayo ni sumu kwa mbwa. Bibo ambalo halijachacha, kipande kidogo, halina neno.

## Hali ngumu

21. Amemng'ata mtu. Nianze na nini?

Jeraha kwanza. Lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya majani. Siku hiyohiyo mtu aende kituo cha afya. Kama chanjo haipo, aendelee hadi hospitali ya wilaya au ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Dozi zote zimalizwe. Kichaa cha mbwa huchukua kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu kujitokeza, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Gharama ya mgonjwa ibebe wewe bila kubishana.

Mbwa asiuawe kwa hasira siku hiyo. Akiwa mzima, afungiwe salama na kuangaliwa kwa siku 10, afisa mifugo akiwa na taarifa. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa akiambukiza alipong'ata. Lakini matibabu ya mtu hayangoji siku hizo ziishe.

22. Alikuwa anaendelea vizuri, ghafla amebadilika.

Usifikirie mafunzo, fikiria ugonjwa. Mate yanayochuruzika, sauti iliyobadilika, kushindwa kumeza, kuyumba, kung'ata vitu hovyo, au mbwa mkali aliyegeuka mpole kupita kiasi: usimguse, usimchungulie mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Mfungie kwa mbali, mwite afisa mifugo mara moja.

Maumivu nayo hubadilisha tabia: sikio lenye usaha, jino bovu, kupe wengi. Katika maeneo yenye ndorobo, kama Liwale na vijiji vinavyopakana na mapori, mbwa aliyekonda, mwenye homa, fizi nyeupe na macho yaliyotanda ukungu apimwe malale. Hakuna dagaa atakayemfundisha mbwa anayeumwa.

23. Kuna dawa ya kumtuliza? Na kumhasi kunasaidia?

Dawa za hofu kwa mbwa zipo na kwa baadhi yao ndizo zinazowezesha mafunzo kuanza, lakini aandike daktari wa mifugo. Zipo sindano zinazolegeza mwili huku hofu ikibaki palepale kichwani, kwa hiyo uliza dawa inafanya nini hasa. Dawa za binadamu zilizobaki kabatini usimpe. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumuua.

Kumhasi kunazuia watoto na kupunguza kuzurura. Hofu hakuondoi.

24. Nimejaribu yote na bado ni hatari. Nimtupe mbali?

Kumshusha garini porini au kijiji kingine ni kumhamishia mtu mwingine jeraha, tena mtu asiyejua chochote. Kwanza pata mtu wa pili aone: daktari wa mifugo, au mfugaji mzoefu. Mbwa asiyewezekana mjini mara nyingine hutulia kabisa kwenye shamba lenye nafasi, akilinda muhogo dhidi ya nguruwe pori na ngedere. Anayempokea aambiwe yote, pamoja na watu aliowang'ata.

Akiwa ameng'ata vibaya zaidi ya mara moja, kuna watoto wadogo wa watu karibu, na hakuna pa kumweka, kumlaza usingizi wa mwisho kwa mkono wa daktari wa mifugo ni uamuzi wa huruma. Nimewaona watu wazuri wakiufanya, na hawakuwa wameshindwa kumpenda. Usikubali sumu wala marungu.

25. Msimu wa korosho nahamia shamba. Nimwachie nani?

Ukiweza nenda naye, mfungie waya wa swali la 13 mapema kabla vibarua hawajafika. Usipoweza, mlezi awe mtu mmoja, si zamu za watu watatu, na aanze kuja kumlisha wiki kadhaa kabla hujaondoka, wewe ukiwapo. Mwandikie kwenye karatasi: anaogopa nini, analala wapi, anakula nini, namba ya afisa mifugo, na tarehe ya chanjo ijayo. Ukirudi usimkimbilie. Keti mahali pako pa zamani, acha aje.